Chama, Chemba na Baraza: Mchuuzi wa Tukuyu katika Historia ya Biashara Yetu

Neno tajiri lilipovuka bahari kutoka Uarabuni lilikuwa na maana moja tu: mfanyabiashara. Huku kwetu mwambaoni likakaa, likazoeana na watu, na mwisho likageuka, likawa na maana ya mtu mwenye mali nyingi. Badiliko hilo laonekana dogo, lakini latueleza jambo kubwa. Katika macho ya wazee wetu biashara ilikuwa kazi ya wenye nacho, na mtu aliyeuza kidogo hakustahili jina hilo. Yeye aliitwa mchuuzi. Baadaye, alipochukiwa, aliitwa mlanguzi. Alipofukuzwa barabarani aliitwa mmachinga. Na alipoanza kupendwa na serikali na wafadhili, kwenye miaka ya 1990, akapewa jina jipya la heshima, mjasiriamali. Majina yamebadilika mara zote hizo, na mwenye kubeba mzigo ni yule yule.

Makala haya yanamfuata mtu huyo mbali na bahari, hadi Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kiasi cha kilomita 70 kusini mwa Mbeya katika njia iendayo Malawi. Huenda msomaji wa visiwani akajiuliza, tuna nini sisi na Tukuyu? Tunalo swali moja tunaloshirikiana. Kwa zaidi ya karne moja watu wadogo wa huko, sawa na wakulima wetu wa karafuu, wamezalisha mali inayokwenda mbali, na kila mara wameambiwa waungane ili wapate bei nzuri na sauti. Miungano hiyo imeitwa kwa majina mbalimbali: ushirika, shirika, jumuiya, chama, na siku hizi chemba. Swali ni hili: ndani ya miungano hiyo, ni nani hasa aliyekuwa akizungumza?

Neno chemba lenyewe lina mzaha wake. Kwa mafundi, chemba ni shimo la majitaka lenye mfuniko. Katika lugha ya mitaani, kumvuta mtu chemba ni kumpeleka pembeni mzungumze mambo ambayo wengine hawatakiwi kuyasikia. Kinyume chake ni baraza, lile kalio la mawe mbele ya nyumba zetu, ambalo mpita njia hukaribishwa akae bila kuulizwa ana nini mfukoni. Tutayachukua maneno haya mawili kama mizani, tupimie nayo historia tunayotaka kuisimulia.

Tuanze na nchi yenyewe. Mlima Rungwe unakaribia urefu wa mita 3,000, na chini yake umeenea udongo mweusi wa volkano ya kale. Mvua hunyesha karibu miezi yote, na katika baadhi ya sehemu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ndizi huota mpaka milangoni mwa nyumba. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1879 alistaajabia usafi wa makazi na kijani cha migomba, akaiona nchi hiyo kama pepo ndogo. Hata hivyo, wenyeji wake, Wanyakyusa, hawakuwa watu waliojifungia peponi. Majembe ya chuma waliyapata kwa Wakinga wa milima ya Livingstone, vyungu kwa Wakisi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nao wakatoa chakula. Biashara hiyo ilikuwa ya jirani na jirani, na kila mmoja alimjua aliyelifua jembe lake na aliyeufinyanga mtungi wake.

Jambo lililowatofautisha zaidi Wanyakyusa lilikuwa namna yao ya kuishi. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu Good Company, ambacho bado hutajwa kila yanapozungumzwa mambo ya Rungwe. Alieleza kuwa watoto wa kiume walipofikia umri wa miaka kumi hivi walitoka majumbani mwa baba zao, wakajijengea vibanda vyao pembeni, na hapo ndipo kilipoanza kijiji cha marika. Walichunga pamoja, wakala pamoja kwa mama wa huyu leo na kwa mama wa yule kesho, wakaoa na kuzeeka wakiwa majirani. Kiini cha maisha hayo kilikuwa na jina: ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao mkiwa sawa. Mtu aliyekula peke yake alionekana na walakini, hata awe na ng'ombe wangapi. Mwambao ungalielewa bila mkalimani, kwani ukwangala ni jamaa wa karibu wa baraza. Ila yafaa tusiwape watu wa kale sifa wasizokuwa nazo: usawa huo ulikuwa wa wanaume wa rika moja. Wanawake, ambao leo ndio tunaowaona kwa wingi kando ya barabara na mikungu ya ndizi, waliolewa ndani ya vijiji hivyo bila kuwa na vijiji vyao.

Kamba ya kwanza iliyoifunga nchi hiyo na pwani haikuwa ya heri, na ni wajibu wetu sisi wa mwambao kulisema hili wenyewe. Katika miaka ya 1880 misafara ya pembe na watumwa ilikuwa na kituo chake upande wa kaskazini-magharibi mwa Ziwa Nyasa, karibu na Karonga, chini ya mfanyabiashara wa Kiswahili aliyeitwa Mlozi. Mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, ndugu wa damu na wa lugha wa Wanyakyusa, na waliosalimika wakakimbilia kaskazini kuvuka mto Songwe. Vita kati ya Mlozi na kampuni ya Waskoti ya African Lakes vikafuata, na mwaka 1895 Waingereza wakamkamata na kumnyonga. Sasa tazama upande wa pili wa kamba hiyo. Misafara ya bara iliendeshwa kwa mkopo. Matajiri wa Unguja, kama Tharia Topan aliyemkopesha Tippu Tip, walitoa nguo, shanga na bunduki kwa watu ambao pengine wasingewaona tena kwa miaka miwili au mitatu, na walifanya hivyo kwa sababu walikuwa na mtandao wa kuaminiana: jamaa, mawakala, hati na majina ya ukoo. Chemba ya biashara, kwa maana halisi, Unguja ilikuwa nayo kabla haijaandikishwa popote. Ilikuwa chemba ya wenye kukopeshana, na waliolipia gharama zake hawakuwa na habari kwamba ipo.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian waliingia na kujenga Rungwe, na wenzao wa Berlin wakaingia mwaka huo huo. Wajerumani walianza utawala wao ufukweni mwa ziwa, mahali walipopaita Langenburg, kisha wakapanda milimani na kuuanzisha mji wa Neu-Langenburg, ambao ndio Tukuyu ya leo. Inaelezwa kuwa chai ilipandwa Kyimbila mwaka 1904, miaka miwili tu baada ya kupandwa Amani huko Usambara. Kahawa nayo ikaingia kwa njia ya misheni. Waingereza waliuchukua mji huo mwaka 1916. Kwa mwananchi, tawala zote mbili zilikuwa na sura moja, nayo ni kodi inayodaiwa kwa fedha taslimu. Vijana waliokuwa wakichunga pamoja sasa wakaondoka pamoja, wengine kwenda kuchimba dhahabu Lupa, wengine hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Aliyebaki nyumbani alipanda mibuni. Hapo ndipo mkulima wa Rungwe alipokuwa muuzaji kwa mara ya kwanza wa kitu ambacho yeye mwenyewe hakukila wala hakukinywa, na ambacho bei yake ilipangwa na watu asiowaona.

Dawa iliyobuniwa ilikuwa ushirika. Sheria ya vyama vya ushirika Tanganyika ilitoka mwaka 1932, na mwaka uliofuata Wachaga wakaandikisha muungano wao wa kahawa, KNCU. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia fikra hiyo ilishika Rungwe pia, na wakulima wa kahawa wakawa na chama chao cha kuuza pamoja. Visiwani tulikuwa tumetangulia, na tulikuwa tumeonja uchungu wake. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilianzishwa mwaka 1927. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikakipa nguvu za kisheria. Na kilipokaribia kuishika biashara yote, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na India ikaisusia karafuu yetu mwaka 1937 hadi yalipopatikana mapatano mwaka 1938. Chama kilibeba jina la wakulima, lakini ugomvi ulikuwa wa serikali na wanunuzi. Mkulima mwenye mikarafuu ishirini huko Pemba alisubiri nje, asikie wameamua nini. Mfano huo tuushike vyema, kwani utajirudia.

Baada ya uhuru vyama vya ushirika vilikua haraka, na pamoja na kukua vikaanza kulalamikiwa kwa wizi na madeni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliihamisha njia kuu ya uchumi kwenda kwa dola. Mwaka 1976 miungano ya ushirika ikavunjwa kwa amri na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Mwaka huo huo ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, yafunguliwe ya kijiji. Mwenye duka dogo la chumvi, viberiti na mafuta ya taa akajikuta upande mbaya wa historia. Mwaka 1983 ikafuata kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, iliyosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na pamoja nayo sheria ya nguvu kazi iliyomtaka kila mtu aonyeshe kazi yake inayotambulika. Hapana shaka walikuwapo walanguzi wa kweli, walioficha sukari na sabuni watu wakitaabika. Hata hivyo, wavu uliotupwa ulikuwa na matundu madogo, na samaki wadogo ndio walionaswa kwa wingi. Kwa miaka kumi na mitano hivi, kuuza kulikuwa jambo la kufanywa kwa woga. Ni vigumu kwa watu wa hali hiyo kuunda chama. Mtu ajiandikishe wapi, naye jana alikuwa anajificha?

Ndiyo maana mwaka 1988 una uzito wake. Biashara ilikuwa imeanza kulegezwa tangu 1984, na mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikuwa yametiwa saini mwaka 1986. Mwaka 1988 kikaundwa Chama cha Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Wakulima Tanzania, kijulikanacho kwa herufi TCCIA, ambacho wengi sasa hukiita Chemba. Kiliundwa kwa himizo la serikali na msaada wa Sweden, na tofauti yake na vyama vya zamani vya wafanyabiashara wa Dar es Salaam ilikuwa kwamba hakikukusudiwa kukaa mjini. Kilitakiwa kiwe na chemba katika kila mkoa, na kutoka mkoani kiteremke wilayani. Na katika jina lake kilitia neno kilimo, jambo la busara katika nchi kama Rungwe, ambako mkulima na mfanyabiashara aghalabu ni mtu mmoja aliyebadilisha kanga tu.

Kazi za chemba wilayani, ukizitazama kwa karibu, si za kutangazwa kwa ngoma. Ni kumweleza mtu namna ya kusajili jina la biashara na kuweka hesabu; kumkutanisha mwenye mzinga wa nyuki na mwenye duka; kumpeleka muuzaji kwenye maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya; na kutoa hati ya uasili wa bidhaa, karatasi inayothibitisha kwamba mzigo unaovuka mpaka umezalishwa Tanzania, bila hiyo mzigo hukosa nafuu ya ushuru huko uendako. Kwa mkazi wa wilaya inayopakana na njia ya Kasumulu, mpakani na Malawi, karatasi hiyo ni kama pasi ya msafiri.

Kazi iliyo kubwa zaidi ni kusema. Mwaka 2001 liliundwa Baraza la Taifa la Biashara, ambalo Rais ndiye mwenyekiti wake, na mfano huo ukashushwa mikoani na wilayani. Kwa hiyo wilaya nayo ina Baraza la Biashara, na mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti, upande mmoja wakikaa watumishi wa serikali na upande wa pili sekta binafsi. Baraza, basi, limepatikana kwa jina. Limebaki swali la nani anakaribishwa kukaa. Si kwamba majadiliano ya namna hiyo hayana matunda. Sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ilitoka mwaka 2003, na mwaka huo huo kodi ya maendeleo, ile ya kichwa iliyowakimbiza watu porini, ikafutwa. Mwaka 2017 ushuru wa mazao uliokuwa asilimia 5 ulishushwa ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa chakula, na mzigo usiofika tani moja ukaruhusiwa kutoka halmashauri hadi halmashauri bila kutozwa. Mwanamke anayepakia mikungu kumi nyuma ya gari anajua maana ya jambo hilo kuliko mchumi yeyote. Kizuizi cha ushuru kilikuwa kikimla faida yake kabla hajafika sokoni.

Lakini historia ya Rungwe ina mfano mwingine, unaotufundisha zaidi kuliko sheria. Ni wa chai. Wakulima wadogo wa chai walikuwa chini ya mamlaka ya serikali, wakipeleka majani kwenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Mambo yalipoharibika, malipo yalichelewa, na majani ya chai hayasubiri: yakichelewa saa chache yamekwisha. Viwanda vilipobinafsishwa mnamo mwaka 2000, wakulima hawakukaa pembeni wakitazama. Walikuwa na chama chao, RSTGA, kilichokuja kuwakusanya wakulima wapatao 15,000, na chama hicho kikawa mbia mwenye hisa katika kampuni mpya ya Wakulima Tea, pamoja na kampuni ya TATEPA iliyokuwa na hisa nyingi zaidi. Tusitie chumvi: mwenye hisa chache ana sauti ya hisa chache. Hata hivyo, aliyekuwa akisubiri nje sasa ana kiti ndani, na anaziona hesabu. Sababu ya kuweza kufika hapo, kwa maoni yangu, ni kwamba chama chao kilianza chini, kwa watu waliojuana shamba kwa shamba, wanaopeleka majani kituo kimoja na kungojea gari moja. Kilikuwa na kitu cha ukwangala ndani yake.

Ndizi haina bahati hiyo. Chai ina kiwanda, kwa hiyo ina mahali pa kukutania. Ndizi haina ila barabara. Mkungu unanunuliwa Kiwira kwa kukadiriwa na macho, hauwekwi kwenye mizani, na macho ya mnunuzi huwa makali kuliko ya muuzaji mwenye haraka ya kurudi nyumbani kabla ya mvua. Viazi mviringo vya milima hiyo hiyo vimeteswa kwa miaka na lumbesa, yaani gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo mkulima hujaza zaidi na kulipwa lile lile. Ndizi zikishafika Dar es Salaam huishia, nyingi kati yake, Mabibo, kwenye soko liitwalo Mahakama ya Ndizi. Sijui kama mtunzi yeyote angeweza kubuni jina kali kuliko hilo: mahakama ambayo dalali anahukumu bei, na mwenye mali yuko zaidi ya kilomita 800 na hakuletewa hati ya kuitwa shaurini.

Mwaka 2025 tuliona kwa macho jinsi jambo hili linavyouma. Mwezi Machi Malawi ilizuia kuingizwa kwa baadhi ya mazao, ndizi zikiwemo, kwa nia ya kulinda wakulima wake na fedha zake za kigeni. Malori yakakwama mpakani, ndizi zikaiva, zikaoza. Mwezi Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, na baada ya siku chache za mazungumzo zuio la Tanzania likaondolewa. Mawaziri walizungumza na mawaziri, na ni haki yao. Lakini ndizi iliyooza haifufuliwi na mapatano. Chemba imara ya wilaya, yenye orodha ya wauzaji wake na kiasi cha mzigo wao, yenye mawasiliano na wenzao wa Karonga ng'ambo ya Songwe, ingaliweza angalau kuwaambia watu mapema: msikate mikungu wiki hii. Neno moja kama hilo, likifika kwa wakati, lina thamani kuliko semina kumi za ujasiriamali.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Chemba ya biashara huendeshwa kwa ada, na wenye kulipa ada ndio wenye kusikika. Mwenye mikungu mitano halipi, si kwa ubahili bali kwa sababu hajaona faida. Na hajaona faida kwa sababu hayumo. Duara hili halivunjwi kwa kumlaumu. Mwaka 2018 serikali iligawa vitambulisho kwa wafanyabiashara wadogo, kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na watu wengi walivichukua, kwa kuwa waliona jambo moja la wazi: mwenye nacho hatasumbuliwa. Somo lake ni kwamba mchuuzi hulipa anapojua analipia nini. Chemba itakayoanza na mizani ya haki Kiwira, habari za bei ya Mabibo, na mtu wa kumsemea mpakani, haitakosa wanachama. Itakayoanza na mkutano hotelini itawapata wale wale waliokuwa wakikopeshana tangu enzi za misafara.

Nasi wa visiwani tusiyasome haya kama habari za nchi ya mbali. Mkulima wa mwani wa Paje, mwanamke kwa kawaida, naye huuza kwa bei ya mtu asiyemwona, na jumuiya zetu za wafanyabiashara nazo zina milango ambayo hajaipita. Wanyakyusa wa kale walijua kwamba kula peke yako ni aibu. Wazee wetu walijua kwamba nyumba isiyo na baraza ni nyumba yenye siri. Elimu hizo mbili zikikutana, chemba itatoka faragha ije ikae nje, mbele ya nyumba. Na siku muuza ndizi wa Kiwira atakapokaa hapo na kusikilizwa, neno tajiri litakuwa limerudi kwenye maana yake ya kwanza: mfanyabiashara, basi.